Kura Tumepewa, Uchaguzi Je?

Kila uchaguzi mkuu unapobisha hodi nchini Kenya, lawama moja huwaangukia vijana: kwamba hawajali. Husemwa redioni, husemwa mimbarini, husemwa na viongozi wa kila mrengo kwamba kijana wa leo ana kelele nyingi mitandaoni lakini ana miguu mizito ya kuendea kituo cha kupigia kura. Makala haya yananuia kuipinga lawama hiyo. Nashikilia kwamba kinachowaweka vijana wengi mbali na sanduku la kura ni tamauko, na kwamba tamauko hilo lina chanzo kinachoweza kutajwa waziwazi: tumepewa kura, lakini hatujapewa uchaguzi. Maneno haya mawili tumezoea kuyatumia kana kwamba ni mapacha. Mwanafunzi wa lugha ana kila sababu ya kuyatenganisha.

Tofauti iliyopo baina ya kutojali na kutamauka si ndogo. Asiyejali hakutarajia lolote tangu mwanzo. Aliyetamauka alitarajia, akangoja, akanyimwa. Wa kwanza huhitaji kuamshwa; wa pili amekuwa macho muda wote, na ukimwamsha kwa nyimbo na fulana za bure unamtukana.

Tuzitazame takwimu kwa jicho hilo. Mwezi Oktoba 2021, Tume Huru ya Uchaguzi na Mipaka (IEBC) ilianza kusajili wapiga kura wapya kwa lengo la kuwafikia watu milioni 6. Shughuli hiyo ilipofungwa mwanzoni mwa Novemba, ilikuwa imewapata takriban milioni 1.5. Katika sajili ya mwaka 2022 walikuwamo wapiga kura milioni 22.1, na wenye umri wa miaka 18 hadi 34 walikuwa chini kidogo ya asilimia 40. Idadi ya vijana hao ilikuwa imepungua kwa takriban asilimia 5 ikilinganishwa na ya mwaka 2017, ingawa katika kipindi hicho mamilioni ya Wakenya walikuwa wametimiza umri wa kupiga kura. Siku ya tarehe 9 Agosti 2022 ilipowadia, walioshiriki walikuwa takriban asilimia 65 ya waliosajiliwa, ilhali mwaka 2013 walikuwa takriban asilimia 86.

Hao ndio tunaoambiwa hawajali. Lakini ni wao hao waliojaa katika barabara za Nairobi na miji mingine mwezi Juni 2024. Waliusoma Mswada wa Fedha kifungu kwa kifungu, wakaufafanua kwa Kiswahili na kwa lugha za kwao ili wazazi wao wauelewe, wakawapigia simu wabunge wao kuwauliza watapiga kura upande gani. Tarehe 25 Juni Bunge liliupitisha mswada huo na waandamanaji wakaingia katika majengo yake. Siku iliyofuata rais akatangaza kwamba hatautia sahihi. Makumi ya watu waliuawa katika maandamano ya wiki hizo. Asiyejali haendi kufa kwa ajili ya mswada wa kodi.

Swali basi linageuka. Kwa nini watu walio tayari kujitolea kiasi hicho hawaoni haja ya kupanga foleni kwa saa tatu siku moja kila baada ya miaka mitano?

Neno kura na jamaa zake

Kura ni neno tulilolipokea kutoka Kiarabu, na maana yake ya asili ni ile ya kupata jawabu kwa bahati: vijiti au vikaratasi huchanganywa, kimoja hutolewa, na anayeangukiwa hulazimika kuridhika. Maana hiyo ingali hai katika Kiswahili. Ndugu hupiga kura kuamua nani atapata kipande kipi cha shamba. Timu za kandanda hupangiwa wapinzani kwa kura. Na wasomaji wa Biblia ya Kiswahili wanakumbuka kwamba askari waliyapigia kura mavazi ya Yesu. Katika matumizi hayo yote, anayepiga kura hana mchango wowote katika jibu linalotoka. Mkono ni wake, uamuzi si wake.

Kuchagua ni jambo jingine kabisa. Mtazame mama anayechagua mchele. Huumwaga kwenye ungo, huketi penye mwanga, huupitia punje kwa punje, huokota changarawe na kuzitupa kabla chungu hakijainjikwa. Kazi yake inahitaji vitu vitatu: muda, mwanga, na mamlaka ya kutupa kisichofaa. Anayeletewa wali uliokwisha kupikwa pamoja na changarawe zake hana cha kuchagua. Ana kula au kulala njaa.

Msamiati wa siasa zetu umejaa maneno yanayokiri, pasipo kukusudia, kwamba mpiga kura hategemewi kuchagua. Wapiga kura wa eneo fulani huhimizwa waweke kura zao katika kapu moja. Kapu ni chombo cha kupelekea mali sokoni, na anayelibeba kapu ndiye anayeuza na kupokea bei. Maeneo yao huitwa ngome za kiongozi fulani. Ngome hujengwa na mwenye nguvu, lango lake lina bawabu, na wanaoishi ndani yake hawaulizwi nani aingie na nani atoke. Tunahimizwa pia tupige kura kwa mtindo wa suti, yaani tuwape watu wa chama kimoja nyadhifa zote sita, kuanzia urais hadi uwakilishi wa wadi, kana kwamba kosa kubwa la mpiga kura ni kutofautisha rangi za nguo zake. Na anayemfanyia mgombea kampeni husemekana anampigia debe. Wahenga walikwisha kutuonya kwamba debe shinda haliachi kutika. Sisi tumelipa kazi ya kutuongoza njia.

Nasisitiza kwamba lugha haikuyaumba matatizo haya. Lakini lugha ni shahidi mwaminifu. Ukisikiliza maneno ambayo watu wote huyatumia bila kushtuka, utajua mambo ambayo wote wamekwisha kuyakubali.

Kabla ya siku ya kura

Uchaguzi, kwa ile maana ya ungo na mwanga, hufanyika kabla ya siku ya kupiga kura, na mahali pake ni katika vyama. Jina tulilolipa zoezi hilo ni zuri: mchujo. Tatizo ni kujua nani anayelishika chujio.

Wazee wetu wanaukumbuka mchujo wa KANU wa mwaka 1988, uliojulikana kama mlolongo. Kenya ilikuwa nchi ya chama kimoja. Wanachama walitakiwa kupanga foleni hadharani nyuma ya mgombea wao au picha yake, na aliyetangazwa kupata asilimia 70 au zaidi alipita moja kwa moja pasipo kufika kwenye kura ya siri. Kumbukumbu za mwaka ule zimejaa visa vya foleni fupi kutangazwa ndefu, mchana kweupe, mbele ya macho ya waliopanga foleni. Wasomi wengi wa siasa za Kenya wanauhesabu mchujo ule miongoni mwa mambo yaliyochochea mapambano ya kurejesha mfumo wa vyama vingi, uliorejea mwaka 1991.

Vyama vingi vilirejea, lakini chujio halikurudishwa kwa wananchi. Mwezi Aprili 2022 nilifunga safari kwenda nyumbani kushiriki mchujo wa chama kimoja ambacho jina lake halina umuhimu hapa, kwa kuwa kisa hiki kingeweza kuwa cha chama chochote. Tulifika kituoni alfajiri, karatasi zikafika alasiri, na kabla foleni haijasonga sana ikaja habari kwamba mmoja wa wawaniaji alikuwa amekwisha kukabidhiwa cheti cha moja kwa moja jijini Nairobi. Mzee mmoja aliyesimama nyuma yangu hakuonyesha mshangao. Alikunja koti lake, akasema kwamba mwaka 1988 walau waliwaacha wakahesabiwa, kisha akashika njia. Katika wadi ile, ambako chama hicho hakina mpinzani wa maana, mwenye cheti ndiye aliyekuja kuwa mwakilishi. Kura ya Agosti ilikuwa ya kutia muhuri.

Waama, sheria yenyewe haikutupa kinga. Sheria ya Vyama vya Kisiasa ilivyorekebishwa Januari 2022 inaviruhusu vyama kuteua wagombea kupitia wajumbe badala ya wanachama wote. Katika maeneo yanayoitwa ngome, hiyo ina maana kwamba kikundi cha watu wanaoenea katika ukumbi mmoja kinaweza kuamua jambo ambalo maelfu wataombwa kulithibitisha.

Nasi tulio vyuoni tusidhani kwamba tunayatazama mambo haya kwa mbali. Sheria ya Vyuo Vikuu ilirekebishwa mwaka 2016, ikaelekeza kwamba viongozi wa vyama vya wanafunzi wachaguliwe na wajumbe. Kabla ya hapo, mwanafunzi alimpigia kura mwenyekiti wake mwenyewe. Sababu iliyotolewa ilikuwa kupunguza fujo na ushawishi wa fedha za wanasiasa wa nje. Yawezekana fujo zilipungua. Lakini hebu tafakari: kijana wa miaka 19 anakutana na demokrasia kwa mara ya kwanza ndani ya chuo kikuu, mahali palipotarajiwa kumfunza namna ya kuchagua, na funzo analolipata ni kwamba hawezi kuaminiwa kumchagua kiongozi wake pasipo mtu wa kati. Baada ya miaka minne tunamtawaza mahafali na kumlaumu kwa kutokuwa na hamu ya kupiga kura.

Hata madarasa yetu ya fasihi yana sehemu yake katika jambo hili. Kizazi changu kiliisoma tamthilia ya Mstahiki Meya ya Timothy Arege kama kitabu teule katika shule za upili. Waliotufuata wakaisoma riwaya ya Chozi la Heri ya Assumpta Matei, ambamo Ridhaa anapoteza jamaa zake na makao yake katika ghasia zinazofuata mabadiliko ya uongozi. Vitabu hivi havikutudanganya; vilituambia mambo mazito kuhusu mamlaka. Ila tulivifundishwa kwa namna ya kuorodhesha maudhui: ufisadi, ukatili, uongozi mbaya, nafasi ya mwanamke, kisha mtahini akatoa alama. Tulimaliza kidato cha nne tukiwa mabingwa wa kutaja dhuluma za watawala wa kubuni, na hakuna aliyekuwa ametueleza jinsi mgombea wa wadi yetu anavyopatikana.

Baada ya siku ya kura

Nilipiga kura kwa mara ya kwanza tarehe 8 Agosti 2017, nikiwa na umri wa miaka 20. Foleni ilianza kabla ya jua kuchomoza. Nilipewa karatasi sita za rangi tofauti, na jambo ninalolikumbuka vizuri zaidi ni orodha ya wawaniaji wa uwakilishi wa wadi. Majina yalikuwa mengi, na hapakuwa na hata mmoja kati yao aliyewahi kutuwekea kwa maandishi mambo aliyokusudia kuyatenda. Mwanga wa kuchagulia haukuwapo. Nilitoka kituoni na wino kidoleni, nikiwa na fahari ambayo sitaikana hata leo.

Yaliyofuata yanajulikana na wote. Tarehe 1 Septemba 2017 Mahakama ya Juu, chini ya Jaji Mkuu David Maraga, ilibatilisha uchaguzi wa rais, hatua ambayo haikuwa imewahi kuchukuliwa nchini. Uchaguzi wa marudio wa tarehe 26 Oktoba ulisusiwa na upinzani, na waliojitokeza walikuwa takriban asilimia 39 tu ya waliosajiliwa. Nchi ikagawanyika, watu wakapoteza maisha. Kisha tarehe 9 Machi 2018, Rais Uhuru Kenyatta na Raila Odinga wakapeana mikono hadharani mbele ya Harambee House, na wafuasi wao wakaarifiwa kwamba uhasama umekwisha. Amani ni jambo jema, na sina ugomvi na mtu anayepeana mkono na mwenziwe. Ninachosema ni kwamba mpiga kura, aliyeambiwa Agosti kuwa tofauti za watu hao wawili ni suala la kufa na kupona, hakuulizwa chochote Machi.

Mambo hayo yalijirudia kwa sura nyingine. Wapiga kura wa mwaka 2022 waligawanyika karibu nusu kwa nusu: William Ruto alitangazwa kupata asilimia 50.49 na Raila Odinga asilimia 48.85. Baada ya maandamano ya 2024, viongozi wa chama cha Odinga waliteuliwa kuwa mawaziri katika serikali ya Ruto, na mwezi Machi 2025 vigogo hao wawili wakatia sahihi mkataba wa ushirikiano. Aliyeipigia kura serikali alijikuta anaongozwa na wapinzani wake. Aliyeupigia kura upinzani alijikuta serikalini bila kuhama. Kapu lilifika sokoni na bei ikapatikana. Aliyelijaza kapu alisoma habari hizo gazetini kama watu wengine.

Isitoshe, kuna raia ambao hata hiyo kura ya kutia muhuri waliikosa. Katiba, katika Kifungu cha 101, inataka kiti cha mbunge kinapobaki wazi kijazwe kwa uchaguzi mdogo ndani ya siku 90. Kiti cha Banissa, katika Kaunti ya Mandera, kilibaki wazi mwezi Machi 2023 baada ya mbunge wake kufariki. Wakati huo IEBC haikuwa na makamishna, kwa kuwa kipindi cha mwenyekiti na wenzake kilikuwa kimemalizika Januari mwaka huo na wengine walikuwa wamekwisha kuondoka. Makamishna wapya waliapishwa Julai 2025. Uchaguzi mdogo ulifanyika tarehe 27 Novemba 2025. Kwa zaidi ya miaka miwili na nusu, ikiwemo siku ile ya Juni 2024 ambapo Bunge liliupigia kura Mswada wa Fedha, watu wa Banissa hawakuwa na mbunge.

Na je, mwenye kutamauka anaweza kumwondoa mwakilishi wake kabla ya miaka mitano? Kifungu cha 104 cha Katiba kinampa haki hiyo. Lakini mwaka 2017 Mahakama Kuu ilibatilisha sehemu za Sheria ya Uchaguzi zilizoweka utaratibu wa kuitekeleza, na hakuna mbunge hata mmoja aliyewahi kuondolewa kwa njia hiyo. Mama wa ungo amenyang'anywa mamlaka ya kutupa changarawe, kabla ya kupika na baada ya kupika pia.

Je, tususie?

Kwa kuyazingatia haya, wapo wenzangu wanaohitimisha kwamba heri kususia. Huyasema hayo maktabani, huyasema bwenini, na hawasemi kwa uvivu. Nawaheshimu, lakini sikubaliani nao, na sababu yangu haitokani na zile nasaha za kwamba kura ni wajibu mtakatifu.

Kwanza, kiti hakikubali kubaki kitupu. Oktoba 2017 zaidi ya nusu ya waliosajiliwa hawakujitokeza. Mshindi alitangazwa kwa zaidi ya asilimia 98 ya kura zilizopigwa, akaapishwa mwezi uliofuata, akaongoza kwa mamlaka yale yale ambayo angekuwa nayo kama wote tungejitokeza. Katiba haina kifungu kinachohesabu waliobaki nyumbani. Kususia ni ujumbe, na ujumbe huhitaji anayelazimika kuusoma. Pale ambapo sheria haimlazimishi mtawala kusoma, kimya chetu atakifasiri apendavyo, na tafsiri anayoipenda zaidi tunaijua tayari: kwamba hatujali.

Pili, si kweli kwamba hakuna kilichobadilika. Tume iliyoongozwa na Jaji Johann Kriegler, baada ya uchaguzi wa Desemba 2007 na umwagaji damu uliofuata, iliripoti mwaka 2008 kwamba rekodi za matokeo zilikuwa zimeharibika kiasi kwamba haiwezekani kujua nani hasa alishinda urais. Zaidi ya watu 1,100 walikuwa wamekufa. Miaka tisa baadaye mahakama iliyoundwa chini ya Katiba mpya iliweza kusema kwamba uchaguzi wa rais haukufuata sheria, na matokeo yakafutwa. Miaka mitano zaidi, IEBC iliweka wazi fomu 34A za vituo 46,229, na mwananchi yeyote mwenye simu na subira aliweza kuzijumlisha mwenyewe. Vijana wengi walifanya hivyo usiku kucha. Walikuwa wakichagua mchele. Mambo hayo hayakuletwa na ukarimu wa wakubwa; yaliletwa na watu waliotamauka na ambao, badala ya kuondoka, walianza kudai ungo.

Kwa hiyo msimamo wangu ni kwamba tupige kura, lakini tuache kuitarajia kura itufanyie kazi ambayo haiwezi. Siku ya kupiga kura ni ya mwisho katika mfululizo mrefu. Aliyezikosa siku zote za kabla yake ana haki ya kutamauka, ila asishangae.

Wajibu wa mwanafunzi wa Kiswahili

Nimewaandikia wasomaji wa jarida hili kwa sababu mahususi. Mwanga wa kuchagulia mchele, katika nchi hii, ni suala la lugha kabla ya kuwa suala la siasa. Kifungu cha 7 cha Katiba kinakitaja Kiswahili kuwa lugha ya taifa na mojawapo ya lugha mbili rasmi. Hata hivyo, miswada huchapishwa kwa Kiingereza, ilani za vyama aghalabu huandikwa kwa Kiingereza, na hukumu ile ya Septemba 2017 ilisomwa kwa Kiingereza huku mamilioni wakiisikiliza redioni na kumngoja mtu wa kuwaambia ilimaanisha nini. Kiswahili hutokea kwenye jukwaa la kampeni. Yaani ahadi tunapewa kwa Kiswahili, na sheria tunatungiwa kwa Kiingereza. Anayeyajua ya jukwaani pekee atabaki kuwa mtu wa kapu.

Waliofanya kazi iliyokuwa yetu ni vijana wa Juni 2024. Walioutafsiri Mswada wa Fedha wengi wao hawakuwa wanafunzi wa tafsiri. Walikuwa watu waliohisi kwamba mama zao wana haki ya kujua bei ya mkate itapanda kwa sababu gani. Tafsiri zao zilikuwa na dosari za istilahi ambazo mhadhiri yeyote wa idara zetu angezizungushia kalamu nyekundu. Lakini zilisomwa. Ni tasnifu ngapi za tafsiri zilizomo katika rafu za maktaba zetu ambazo zimewahi kumfikia mtu aliyesimama kwenye foleni ya kupiga kura?

Uchaguzi mkuu ujao umepangwa kufanyika tarehe 10 Agosti 2027. Napendekeza mambo matatu yaliyo ndani ya uwezo wa chama cha wanafunzi. La kwanza, kila tawi lichukue ilani za wawania ugavana wa kaunti kilipo chuo chake, lizitafsiri kwa Kiswahili sahili, na kuzisambaza bila kumpendelea yeyote. Mgombea asiye na ilani ya maandishi aandikwe hivyo hivyo: hana. La pili, wahadhiri wetu wauruhusu mswada wa kweli kutoka Bungeni uwe matini ya zoezi la tafsiri darasani, ili kazi ya mwanafunzi iwasilishwe wakati wa ushirikishwaji wa umma unaotakiwa na Kifungu cha 118, badala ya kuishia kwenye faili la alama. La tatu, tuanzie nyumbani: chama hiki chenyewe kiwachague viongozi wake kwa kura ya moja kwa moja ya kila mwanachama, na kila anayewania aandike ukurasa mmoja wa anachokusudia kukitenda, usomwe mbele yetu mwaka unapokwisha.

Wapo watakaosema kwamba haya ni madogo mno kwa tatizo la ukubwa huu. Nakubali kuwa ni madogo. Mchele nao huchaguliwa punje moja moja, na hakuna aliyegundua njia nyingine. Kijana anayefikisha miaka 18 kabla ya Agosti 2027 ataambiwa na kila mtu kwamba kura yake ni sauti yake. Tukifanya kazi yetu, walau atakuwa amesoma kwa lugha anayoielewa ni nini hasa anachoombwa akiseme kwa sauti hiyo, na atakuwa na sababu ya kujibu.